Nimwache wapi mtoto nikiwa Feri? Malezi ya mchana kwa sisi tuliohamia Dar es Salaam

MamaNasra_Mbagala
Habari zenu ndugu zangu. Mwaka jana mimi na mume wangu tulihama Newala tukaja Mbagala, baada ya korosho kututupa misimu miwili mfululizo. Yeye ni kibarua wa ujenzi. Mimi hununua samaki soko la Feri, huwakaanga na kuwauza jioni kituo cha basi. Nasra ana miaka mitatu na nusu, na mdogo wake ana miezi kumi na mmoja. Kijijini bibi yao angewashika, lakini hapa hatuna ndugu hata mmoja, kwa hiyo nikitoka saa kumi alfajiri huwaacha kwa jirani anayelea watoto kumi na wawili katika chumba na sebule yake, kwa shilingi elfu moja kwa siku kwa kila mtoto, uji ukiwa ndani ya bei hiyo.

Linalonikosesha usingizi ni kwamba wiki hii, mara mbili, nimemkuta mdogo amelala fofofo saa nane mchana, hata nilipomfunga mgongoni hakufumbua macho, na kwenye kola ya fulana yake palikuwa na doa linalonata lenye harufu ya dawa ya kikohozi. Mtoto hana kikohozi. Barabarani kuna kituo cha kulelea watoto chenye picha za katuni ukutani, ila kinataka shilingi elfu hamsini kwa mwezi kwa mtoto mmoja, hakipokei aliye chini ya miaka miwili, na hufunguliwa saa moja asubuhi. Je, niwaondoe kwa jirani, au kuna huduma ya serikali ambayo sisi wageni hatuijui?

Mstaafu_Ustawi
Mama Nasra, pole sana. Kabla ya yote, mpeleke mtoto zahanati, ukamweleze mganga ulichokiona na harufu uliyoisikia, kwa sababu baadhi ya dawa za kikohozi na mafua zinazoleta usingizi zinaweza kuzuia pumzi ya mtoto mchanga.

Kuhusu huduma ya serikali, nitakujibu bila kukuficha. Shule za msingi za serikali zina darasa la elimu ya awali, na tangu mwaka 2016 halina ada, lakini kwa kawaida hupokea watoto wa miaka mitano. Chini ya hapo mzazi hujitafutia mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kiwe na leseni, na maombi hupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mwezi Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto hadi miaka minane na inayotaja afya, lishe, malezi yenye mwitikio (yaani kumsikiliza mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ni mpango mzuri, nami niliufurahia, lakini haujamjengea muuza samaki kituo kinachofunguliwa saa kumi alfajiri.

Nenda ofisi ya kata, umwone afisa ustawi au afisa maendeleo ya jamii. Omba jirani yako atembelewe na kuelekezwa. Ukienda kushtaki tu, nyumba itafungwa, na Jumatatu watoto kumi na wawili watalala kwenye mabeseni pembeni ya moto wa kukaangia.

BibiMlezi_Manzese
Mwanangu, mimi nalea watoto tisa nyumbani kwangu, na wazazi wao wote hunipa elfu tisa kwa siku. Unga, sukari, mkaa, maji na sabuni hula elfu tano na mia tano. Kinachobaki ndiyo mshahara wangu, na hapo sijamtaja mzazi anayeniambia "nitakupa kesho" wiki nzima. Hayo ya dawa simtetei hata kidogo. Hata hivyo najua kwa nini mtu anaifikia chupa: mikono miwili haiwezi kumbeba anayelia, kumnawisha aliyejichafua na kumzuia anayetambaa kuelekea jikoni kwa wakati mmoja. Kaeni wazazi, mwongezeeni mia tatu kwa kila mtoto, mtapata elfu tatu na mia sita za kumlipa msaidizi. Halafu fikeni pale bila kutoa taarifa. Mlezi safi hachukii kutembelewa.

Baba_wa_Kongwa
Naongeza jambo dogo. Sisi tulitoka Dodoma, na mwanangu alifika hapa akijua Kigogo tu. Kwa mlezi alikaa kimya miezi mitatu, tukadhani ana tatizo, kumbe alikuwa anasikiliza. Endeleeni na Kimakonde nyumbani, Kiswahili atakipata uani kwa wenzake. Pia ulizia mapema cheti cha kuzaliwa: upo mpango wa kusajili watoto chini ya miaka mitano bila ada, uliozinduliwa Mbeya mwaka 2013, ambao hutumia ofisi za kata na vituo vya afya. Nenda na kadi ya kliniki na tangazo la kizazi (ile karatasi inayotolewa mtoto akizaliwa), kama halikubaki Newala. Letu lilibaki Kongwa, na nauli ya kulifuata ilizidi bei ya sare ya shule.

MamaNasra_Mbagala
Nawashukuru wote. Zahanati wamempima, anapumua vizuri, nao wamesema asipewe dawa yoyote bila wao. Jirani nilimwendea jioni, watoto wakiwa wameshachukuliwa. Alikana kwanza, kisha akaitoa chupa nyuma ya ndoo ya maji na kunikabidhi mwenyewe, akilia. Mdogo niko naye Feri tangu juzi, Nasra amebaki kule. Wazazi saba wamekubali kukutana Jumapili kuhusu zile mia tatu. Waliobaki bado nawafuata, maana wawili kati yao hurudi usiku na sijawahi kuwaona sura.