Wimbo wangu wa mavuno unatushinda kwenye C. Nichague ufunguo gani?

Mtunzi wa Kigango (Masasi): Habari za jioni wanajukwaa, naombeni ushauri. Nafundisha kwaya ya kigango, tuko kumi na sita: soprano saba, alto wanne, teno wawili, besi watatu. Nimetunga wimbo wa shukrani, tuuimbe korosho zikishavunwa. Sauti ya kwanza (soprano) inaanzia noti ya so ya chini, na kwenye kiitikio inapanda hadi noti ya la. Niliuandika kwenye ufunguo wa C, yaani do inakaa kwenye C, kwa sababu kinanda nilijifunzia hapo, vitufe vyeupe vitupu. Tulipoujaribu, soprano walipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikawatoka. Nikawashusha oktavi nzima, yaani hadi noti zilezile za chini yake, ngoma ikawafunika, hawasikiki. Maneno yake nimeyatoa kwa wazazi wangu waliopalilia mikorosho maisha yao yote, siwezi kuutupa. Na je, ni kweli kila ufunguo una hisia zake? Niliambiwa D ni ya shangwe, F ya majonzi.

Mwalimu Mstaafu (Lindi): Mwanangu, wimbo wako ni mzima. Hiyo la kwenye C ni A ya juu sana, noti ya waliosomea sauti. Ukishusha oktavi, so inaangukia G iliyo chini ya C ya katikati, na huko soprano hana nguvu. Mnarushwa kati ya dari na sakafu. Weka Do kwenye F: so ya chini inakuwa C ya katikati ya kinanda, na la inakuwa D ya juu. Hapo akina mama wengi wa kwaya wanafika bila kujikamua. Solfa (do, re, mi) tunayoandikia sisi, aliyoieneza Mwingereza John Curwen karne ya 19, do yake inahama. Futa herufi moja tu juu ya karatasi, C iwe F, noti ziache zilivyo.

Soprano wa Nyangao: Shikamoo mwalimu. Kaka, nami niongeze: usipime noti ya juu peke yake, angalia wimbo unakaa wapi muda mrefu. D ya juu nikiigusa na kushuka sina neno. Nikikalishwa hapo mstari mzima, ubeti wa tatu koo limekauka. Halafu pale kwenye la umeweka silabi gani?

Mtunzi wa Kigango: Dada, ni "tunakushukuru". La imeangukia "ru".

Soprano wa Nyangao: Basi nusu ya kelele imetoka hapo! "U" inabana mdomo, na juu tunataka kuufungua. Tena mkazo wa neno hilo uko kwenye "ku" ya pili, wewe umepandisha "ru". Jaribu "asante", la iangukie "sa". Mkazo upo palepale na "a" inafungua koo.

Vidole Kumi (Mtwara mjini): Kama kinanda chako kina transpozi (kitufe cha kuhamisha ufunguo), ongeza 5, piga vidole vyako vya C, itatoka F. Ila jifunze F yenyewe, ina B flati moja tu, kitufe cheusi kimoja. Siku mkialikwa parokia nyingine ukakuta kinanda kisicho na kitufe hicho, utaaibika mbele ya watu.

Kuhusu hisia: zamani vinanda vya Ulaya havikupangwa kwa nusu toni (hatua ya kitufe hadi kinachofuata) zilizolingana, kwa hiyo funguo zilitofautiana ladha kweli. Mjerumani Christian Schubart, ambaye kitabu chake kilitoka 1806, aliipa D ushindi na haleluya, lakini F aliipa utulivu. Hakuna majonzi hapo. Vinanda vyetu vya leo nusu toni zote ni sawa, D na F za meja (wimbo unaotulia kwenye do) zinapishana kimo tu. Ukitaka huzuni, tunga maina, wimbo utulie kwenye noti ya la.

Besi wa Mikindani: Msitusahau. Do ya chini kabisa kwenye F besi wengi wa vigango tunatoa hewa tu. Palipo na do hiyo tupe ya oktavi ya juu yake, au so iliyo katikati. Na mkiimba bila kinanda, sikiliza mwisho wa kila ubeti, kwaya huwa inashuka polepole. Ikishashuka nusu toni, sisi ndio wa kwanza kuzama.

Mtunzi wa Kigango: Nimerudi. Jana jioni niliwaita soprano watatu tu, tukaimba kwenye F bila kinanda, beti zote nne. Nilikuwa na wasiwasi na "asante", lakini mmoja wao, mama mtu mzima ambaye kila mara hunyamaza kwenye kiitikio, aliimba la hadi mwisho. Tulipomaliza nikabonyeza F: tulikuwa tumeshuka kidogo, haijafika nusu toni. Besi nimewabadilishia do tatu, wanajaribu Alhamisi. Mwalimu, ikionekana bado wanazama, nipandishe hadi G, au noti ya la itakuwa E na kuwarudisha soprano kwenye kelele?

Mwalimu Mstaafu (Lindi): Usiruke hadi G. Jaribu F shapu kwanza, nusu toni tu, na umsikilize yule mama.