Tupeane uzoefu: kikundi kidogo cha maigizo kinajazaje ukumbi bila hela ya matangazo?

Mtoto wa Ngamiani
Habari za jioni wakuu. Tuna kikundi cha maigizo hapa Tanga, vijana kumi na kitu. Ukumbi tumepata kwa bei ya kuelewana, viti vya plastiki themanini hivi. Mchezo upo, mazoezi yanakwenda, kasheshe ni viti. Onyesho lililopita walijaa ndugu wa waigizaji, tena bure, maana nani atamtoza shangazi yake mlangoni? Hela ya redio hatuna, ya mabango ndiyo usiseme. Naomba msiniambie tu "tumieni mitandao". Aliyewahi kujaza ukumbi mdogo aseme alifanyaje.

Dada wa Sinza
Sisi silaha yetu ni daftari. Mlangoni anakaa mtu, kila anayelipa anaandika jina na namba ya simu. Vikundi vingi vinafika hapo: wanaingiza namba zote kwenye orodha ya matangazo ya WhatsApp, wanatuma bango, wanasubiri watu, na watu hawaji. Ukichunguza, ujumbe wenyewe haujawafika. WhatsApp haimpelekei mtu ujumbe wa orodha kama hajahifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe kuwa na yake haitoshi. Status ni hivyo hivyo, mpaka kila mmoja awe na namba ya mwenzake.

Kwa hiyo mlangoni tunasema: "Dada, toa simu, tuandike hapo." Akikuonyesha kioo jina la kikundi limekaa, anapunguziwa buku, yaani elfu moja, kwenye kiingilio. Buku hiyo ndiyo bajeti yetu nzima ya matangazo, na inatoka kwa mtu ambaye tayari kaja na tayari kalipa. Orodha moja inabeba watu 256, kwa ukumbi wako inatosha na kubaki.

Halafu siku isihamehame. Sisi ni Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara, mvua inyeshe, jua liwake. Kuna watu sasa hawaulizi kama tupo, wanauliza tunaonyesha nini.

Na hao ndugu: kila mwigizaji apewe tiketi zake akauze mapema, abaki na kitu kidogo kwa kila moja. Shangazi atamlipa mtoto wake sebuleni bila kinyongo. Mlangoni ndipo anapoona aibu, na wewe pia.

Mtoto wa Ngamiani
Hiyo ya kuhifadhi namba sikuijua kabisa. Asante dada.

Mzee wa Magomeni
Simu ni sawa, lakini niwarudishe nyuma kidogo. Miaka ya tisini mimi nilikuwa Muungano damu, ile Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga. Upande wa pili kikundi pinzani, TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni John Komba. Dar nzima iligawanyika. Tulikuwa hatwendi kutazama igizo tu, tunakwenda kusikia wetu watawajibu vipi wale. Na usiku mmoja ulikuwa na kila kitu: ngoma, sarakasi, kichekesho, taarabu, igizo katikati. Asiyependa igizo kaja kwa ajili ya taarabu, akajikuta analitazama igizo mpaka mwisho. Maonyesho mengi yalikuwa kwenye mabaa na kumbi za starehe, mwenye baa anafurahi kwa sababu bia zinatoka.

Sasa wewe unamwomba mtu atoke kwake usiku kwa ajili ya igizo peke yake la muda wa saa mbili, na waigizaji wenyewe hata hawafahamu yeye. Mtafute mtu wa ngoma ya kibao kata au mchekeshaji wa mtaani, mpe dakika kumi za mwanzo. Naye ana watu wake.

Kijana wa Kaloleni
Shikamoo mzee. Lakini si igizo litageuka kuwa shamrashamra za harusi?

Mzee wa Magomeni
Marahaba. Litageuka kama igizo lenyewe ni bovu.

Binti Kisauni
Mimi niko Mombasa. Jamani, saa! Sisi tulikuwa twaanza saa kumi na mbili jioni kama ilivyoandikwa kwenye tangazo. Magharibi inaingia, nusu ya ukumbi inainuka kwenda kuswali, na wengine hawarudi. Sasa twaanza baada ya Isha, tena twaandika hivyo hivyo kwenye bango, "baada ya Isha", na watu wamejaa. Ramadhani hatuonyeshi, twafanya mazoezi ya mchezo wa Idi.

Jambo la pili ni wanawake. Wengi wataka kuja lakini usiku hawatoki, au mume hataki. Tukaweka onyesho la alasiri, la wanawake na watoto tu. Hatukubandika hata karatasi moja. Tulikwenda kwenye chama cha kina mama cha kuchangiana, tukamwona mwenye kukusanya pesa, yeye akaleta kundi zima kwa bei ya jumla. Yule mama mmoja ana nguvu kuliko mabango yote ya mji. Nao hula, hunywa, waacha pesa kwenye meza ya viazi karai kuliko kwenye kiingilio. Kaka wa Tanga, meza ya chakula msimpe mtu wa nje, iwe yenu.

Mwalimu wa Kasarani
Kwetu Nairobi vikundi vingi vinaishi kwa tamthilia zinazotahiniwa kidato cha nne. Shule inaleta wanafunzi au kikundi kinaifuata shule, kila mwanafunzi analipa kidogo, na bwalo la chakula linageuka jukwaa. Nimekaa pande zote mbili, mwigizaji zamani na sasa mkuu wa idara ya Kiswahili, kwa hivyo nitasema ukweli: barua za kwa mwalimu mkuu hazifiki mahali. Mwone mwalimu wa fasihi. Mwonyeshe onyesho moja fupi wakati wa mapumziko, wanafunzi wenyewe watamsumbua mpaka akuite. Njoo na bei ya darasa, siyo ya mtu mmoja mmoja, na useme kabla kama nauli yenu imo.

Usikate mistari ya kitabu ili uchekeshe. Mtahini hatacheka, na mwaka ujao hutaitwa.

Mkaazi wa Limuru
Niongeze moja ya kwetu. Kamiriithu, mwaka 1977, mchezo wa Kikuyu wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Jukwaa la wazi walijenga wanakijiji wenyewe, na mazoezi yalifanywa hadharani. Wakulima na wafanyakazi wa kiwandani wanasimama pale, wanamkosoa mwigizaji: mzee haongei hivyo, wimbo huo hauimbwi hivyo. Mwezi wa kumi ulipofunguliwa, watu walikuwa wanakuja kutazama kitu chao. Serikali iliupiga marufuku mwezi wa kumi na moja, hiyo ni habari nyingine. Ninachosema: nyie mnafanyia mazoezi wapi? Kama ni ndani, mlango umefungwa, fungueni.

Mtoto wa Ngamiani
Tunafanyia ndani. Watoto wakichungulia dirishani tunawafukuza 😂

Mkaazi wa Limuru
Hao ndio gari lenu la matangazo, na hamjalipia petroli.

Kijana wa Kaloleni
Bure je? Kuna mwenzangu anasema mwanzo ingizeni bure watu wazoee.

Dada wa Sinza
Kwa uzoefu wangu hapana. Wa bure anasema "nitakuja" na hafiki, akifika anaondoka katikati. Wa elfu tatu anakaa, na ni mkali: mchezo ukichelewa anakuuliza. Mnataka kumsaidia asiye na hela, mpeni kazi ya kupanga viti, aingie kwa kazi yake.

Mzee wa Magomeni
Na kibali, vijana. Kikundi kisajiliwe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na mwonane na afisa utamaduni wa halmashauri kabla hamjauza tiketi hata moja. Mkizuiwa mlangoni na watu wamekwisha kulipa, hao hamtawaona tena.

Mtoto wa Ngamiani
Tumesajiliwa mzee, kwa afisa nakwenda Jumatatu. Kuanzia kesho mazoezi ni barazani. Binti Kisauni, huyo mama wa chama mlimpa nini yeye mwenyewe?

Binti Kisauni
Viti vya mbele, yeye na mabinti zake, na jina lake likatajwa kabla ya mchezo kuanza. Pesa alikataa.