Taiming belti ya Forester: mmoja anasema 180,000 mwingine 950,000, nimsikilize nani?

binti_goba:
Habarini wakuu. Nina Subaru Forester ya 2005, ile SG5, injini EJ20 isiyo na tabo, yenye kamu (ile shafti inayofungua valvu) moja kila upande. Nilinunua kwa mtu mwaka jana, dashibodi sasa inasoma 131,000 na kitu. Juzi nimepeleka sevisi ya kawaida, oili na plagi, fundi akaniuliza taiming belti, ule mkanda wa mpira unaozungusha kamu, ilibadilishwa lini, nikamwambia mimi nitajulia wapi na aliyeniuzia alisema tu gari safi dada, wewe ni kuweka mafuta na kutembea. Basi fundi akasema ibadilishwe, 180,000 spea na ufundi humo humo. Nikapita gereji moja Mikocheni, zile zenye mapokezi na kiyoyozi, wakaniandikia 950,000. Jirani yangu naye ana vijana wanatengeneza magari pale kiwanjani, yeye kasema kitu kinachofanya kazi hakiguswi, subiri ikatike ndio ubadilishe.

Sasa bei halali hapa Dar ni ngapi, na fundi unamjuaje kama anajua, maana naona mwanamke akishuka kwenye gari bei inapanda yenyewe. Halafu kwenye kava ya injini kuna stika ya Kijapani imeandikwa 26.8 na chini yake 74,300, kuna anayejua ni nini?

mtu_wa_ist:
Uza hiyo Subaru dada nunua Toyota IST, ile ina cheni badala ya belti, habari za belti utazisikia kwa wenzako. Natania ila sitanii.

spana_namba_12:
Achana na huyo wa IST, kila mada ya Subaru lazima apite kutema.

Dada tuanze na stika maana hiyo ndio cheti chako cha kuzaliwa. Wajapani wakibadilisha taiming belti wanabandika stika kwenye kava au chini ya boneti, wanaandika tarehe na kilometa. Hiyo 26 ni mwaka wa Heisei, wa kwanza ni 1989, kwa hiyo wa 26 ni 2014, na 8 ni mwezi wa nane. Yaani ilibadilishwa Agosti 2014 gari likiwa na kilometa 74,300. Ila ipige picha kwa app ya kutafsiri kwanza uhakikishe ni ya taiming belti, kuna stika za oili na za betri pia na zote zinafanana kwa asiyesoma Kijapani. Na kwa wengine mnaosoma hapa, ukikuta stika ina kilometa nyingi kuliko dashibodi, mwenye gari karudisha kilometa za dashibodi nyuma huyo.

Sasa yako imetembea kama 57,000 tangu hapo. Kwa kilometa bado, Subaru wenyewe Japani wanasema 100,000 kwa hizi injini za EJ. Lakini ule ni mpira, miaka zaidi ya kumi kwenye joto la injini na foleni ya Mbezi unakauka na kupasuka hata kama gari linalala getini. Badilisha.

Hilo la subiri ikatike, jirani yako karithi ushauri wa magari mengine. Corolla za zamani za injini ya 4A na 5A, au RAV4 yenye injini ya 3S-FE, belti ikikatika gari linazima tu, unavuta, unafunga nyingine, unaondoka. EJ20 yako valvu na pistoni zinapita eneo moja kwa zamu, belti ikikata zinakutana, valvu zinapinda. Na Subaru ina hedi mbili, moja kila upande, kwa hiyo maumivu mara mbili.

chalii_wa_moshi:
Huyu kasema ukweli mtupu. Yangu ilikuwa Impreza, injini familia hiyo hiyo, fundi mmoja alinibadilishia belti peke yake, aidla, zile puli ndogo zinazoongoza belti, akazizungusha kwa kidole akasema bado ngumu hizi usipoteze hela. Baada ya miezi kadhaa natoka Moshi naja Dar, nimepita Mombo gari likazima katikati ya barabara bila taa bila mlio, unapiga starta inazunguka nyepeesi kama injini haina kitu ndani. Kufungua tukakuta aidla moja beringi imekufa, ikasaga belti mpya kabisa. Kuvuta gari, kushusha hedi zote mbili, valvu, gasketi, kusawazisha hedi, ilinitoka milioni mbili na ushee. Kwa hiyo huyo wa 180,000 muulize vizuri hiyo "spea na ufundi humo humo" yake ni vitu gani.

spana_namba_12:
Ndio nilikuwa nafika hapo. Tofauti ya bei zako nyingi imekaa kwenye kinachobadilishwa. Kazi kamili kwa injini yako ni belti, tenshena ile ya haidroliki inayokaza belti pamoja na puli yake, aidla mbili laini na moja yenye meno, wota pampu na gasketi yake, kulanti (maji ya kupozea injini), na oili sili ya kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na za kamu kama zinavuja. Huyo wa 180,000 ni belti tu hata asipokwambia. Seti nzima nzuri ya Aisin, ambayo ndani unakuta belti ya Mitsuboshi na beringi za maana, mara ya mwisho nimenunua Gerezani kwa 430,000, ufundi hapa mjini 100,000 hadi 150,000. Kwa hiyo ukilipa kati ya 550,000 na 650,000 hujaibiwa. Wa 950,000 sio mwizi lazima, ana kiyoyozi cha kulipia na labda anakupa waranti ya maandishi, muulize.

binti_goba:
Asanteni sana, nimeitafsiri stika na kweli ni ya taiming belti. Nimempigia wa 180,000 akakubali ni belti peke yake. Nikamwambia nataka na wota pampu akasema ya nini wakati haivuji, nitakuwa natupa hela. Hapo vipi?

spana_namba_12:
Wota pampu ya EJ inazungushwa na hiyo hiyo taiming belti na imekaa nyuma yake. Ikianza kuvuja mwakani au ikakwama, unafungua kila kitu ulichofungua leo na ufundi unalipa upya. Na ikikwama ikiwa inazunguka inaondoka na belti. Weka.

wa_ngara_rd:
Salamu kutoka Nairobi. Huku Subaru zimejaa, kuna makanika hawagusi gari ingine, na hao ndio mimi huenda kwao, wa kila gari namwachia breki na oili. Parts tunatoa Kirinyaga Road na huko feki ni nyingi, boksi inaweza kuwa safi kuliko ya orijino. Mimi nikinunua belti natoa kwa boksi, nasugua maandishi na kidole, yakitoka narudisha. Na kama muuzaji ameitundika kwa msumari ama ameikunja ikapata kona usichukue hata akupee nusu bei, nyuzi za ndani zikivunjika huwezi ziona kwa macho.

fundi_mstaafu:
Nimefanya kazi hii muda mrefu kabla macho hayajagoma, ngoja nimsaidie binti kwenye kumchagua fundi kwa sababu bei mmeshamalizana. Usimuulize fundi kama anaweza, hakuna fundi atakayesema hawezi. Muulize swali moja, kwenye giya ya kranki ya Subaru unalenga mshale au mstari? Pale kuna mshale unaoonekana vizuri sana, na kuna kamstari kadogo pembeni kwenye ukingo. Mshale ni wa pistoni kuwa juu, belti inafungwa kwa mstari, na ukiweka mstari juu pistoni zote zinakuwa katikati, haziwezi kugusa valvu. Akikujibu mshale, mshukuru, mwambie utarudi. Akicheka akasema dada umetoa wapi hilo swali, huyo kaa naye.

La pili ni tenshena. Ile ukiitumia tena, au ikija fimbo yake ikiwa imetoka nje, inabanwa kwenye vaisi ikiwa imesimama, taratibu kabisa, dakika kadhaa, ndipo unachomeka pini. Vijana wana haraka, wanaigonga au kuibana mara moja, sili ya ndani inakufa, gari linatoka gereji zuri, baada ya muda unasikia kelele asubuhi. Seti mpya huja na pini tayari kwa hiyo hapo nunua mpya tu mambo yaishe.

Halafu akimaliza kufunga asipige starta kwanza. Azungushe injini kwa mkono na rinchi mizunguko miwili kamili, aone haigongi popote. Wengine wanahesabu meno na kuweka alama ya korekta kwenye belti ya zamani na kuhamishia kwenye mpya, sio vibaya ila kama ya zamani ilifungwa jino moja pembeni na wewe unahamisha kosa. Na boliti ya puli ya kranki ikazwe kwa toki rinchi (ile inayopima nguvu ya kukaza), sio kwa kukisia na bomba, ikilegea inakula kiota cha ufunguo, ule mfereji unaoshika puli isizunguke peke yake, kwenye kranki na hiyo ni kesi nyingine kubwa.

Spea nunua mwenyewe au nenda naye dukani, risiti iandikwe namba ya chesisi ili isipoingia irudishwe. Vya zamani vyote ondoka navyo, hata kama ni uchafu. Kaa pale pale, ni kazi ya nusu siku, beba chakula. Na mwambie akuandikie kwenye kava tarehe na kilometa kwa maka peni kama Wajapani.

binti_goba:
Mzee shikamoo! Nimempata mmoja Tabata anafanya Subaru tu, nimemuuliza la mshale, kacheka kweli hahaha. Seti nanunua kesho, ufundi kasema 130,000.

mwenye_prado:
Nadandia mada wakuu. Prado yangu ya dizeli 1KZ imewasha taa ya T-BELT, fundi kaizima bila kufungua kitu anasema ni sensa tu inasumbua. Ni kweli?

fundi_mstaafu:
Hakuna sensa pale mwanangu. Hiyo taa inahesabu kilometa tu, ikifika idadi iliyowekwa inawaka, na kuizima ni suala la kubonyeza au kuhamisha skrubu, haina uhusiano na belti ikoje. Na dizeli ikikata belti valvu hazibaki. Kava la juu kwenye 1KZ linafunguka kwa boliti chache, lifungue uangalie mpira wenyewe, piga picha uilete hapa, na ukikuta nyufa usiende nalo safari.