Ndugu yangu yuko gereza la Kamiti, anaweza kuruhusiwa aje kumzika mama?

Binti wa Kayole
Habari za jioni. Mama yetu alituacha wiki iliyopita, tunamzika Jumamosi huko Mwala. Kaka yangu ndiye kifunguamimba, na mama alimtaja hadi siku zake za mwisho. Alihukumiwa miaka sita kwa wizi na sasa amebakiza kidogo. Huko ndani amejifunza useremala na hajawahi kuadhibiwa. Kwenye kikao cha matanga wazee wamegawanyika. Mjomba hataki kijiji kimwone mwana akija kwa mamake na pingu mikononi. Mimi namtaka aje hata na pingu kumi, autie udongo kwa mkono wake. Naanzia wapi?

Msaidizi wa Sheria, Makadara
Pole sana dada. Angekuwa mahabusu, wakili angepeleka ombi la dharura kwa hakimu anayesikiliza kesi. Huyu keshahukumiwa, kwa hivyo mlango wako ni mkuu wa gereza. Parole, yaani ruhusa ya kuwa nje kabla kifungo hakijaisha, iliyo katika Sheria ya Magereza, Sura ya 90, ni ya wafungwa wa miaka minne au zaidi walio ukingoni kutoka; hata kama kaka yako anakaribia hapo, usiitegemee. Lenu ni ombi la huruma la siku moja chini ya ulinzi, na uamuzi ni wao. Andika barua usiku huu. Ambatanisha kibali cha mazishi na barua ya chifu inayotaja undugu. Kesho asubuhi uwe langoni, uulizie ofisi ya ustawi.

Afande Mstaafu
Poleni na msiba, binti yangu. Nimevaa sare ya magereza hadi kustaafu. Kinachowatia wakubwa wasiwasi ni safari. Mwala si karibu: kunatakiwa gari, askari wa kutosha, na kurudi kabla giza halijaingia. Halafu kuna umati. Basi barua iwatoe hofu: ibada inaanza saa ngapi, kaburi liko umbali gani kutoka barabarani, mzee gani atampokea. Chifu aongee na polisi wa huko mapema.

Niliwahi kumsindikiza kijana kumzika babake. Pale kaburini nilimfungua mkono mmoja ashike koleo, ule mwingine nikaushika mwenyewe. Alifukia hadi jasho likamtoka, hakuna aliyemwambia apumzike. Ndani ya gari alilala njia nzima.

Mwenye Duka, South B
Poleni. Lakini na sisi tulioibiwa tufikiriwe. Marekani, jimbo la Massachusetts, William Horton alikuwa na kifungo cha maisha kwa mauaji. Mwaka wa 1986 alipewa ruhusa ya wikendi, hakurudi. Mwaka uliofuata akamvamia mwanamume na mchumba wake huko Maryland. Aliyevunjiwa akikutana na mwizi wake matangani bila kuambiwa, atajisikiaje?

Mama Zawadi
Ndugu wa South B, una haki ya kuogopa, na ni kweli aliyeibiwa aambiwe mapema. Lakini Horton alitoka peke yake. Huyu atakuwa na askari ubavuni. Uingereza, mfungwa anayekaribia kumaliza anaweza kutoka asubuhi kwenda kazini na jioni akarudi gerezani, wakishampima kama ni hatari. Hata mazishi ya mzazi yana ruhusa yake. Huku kwetu mtu anakaa miaka bila kuonja nje, kisha siku moja geti linafunguliwa, anaambiwa nenda. Hilo ndilo linaloniogopesha mimi.

Binti wa Kayole
Asanteni nyote. Chifu ameandika barua. Mjomba nimemsomea maneno ya afande, akanyamaza, halafu akasema jina lake liwekwe kama mzee wa kumpokea. Aliyeibiwa anaishi Umoja, hatakuwa Mwala, lakini nitampigia. Afande, naweza kumpelekea shati na suruali, asije na sare ya gereza?

Afande Mstaafu
Beba, na ombi hilo uliandike kwenye barua hiyohiyo. Usisahau viatu. Na nyumbani usimwahidi mtu yeyote hadi waseme ndiyo.