Binti yangu ana miaka tisa, ameanza kuota titi. Nimekosea wapi?

Mama_wa_Mwaloni

Habari zenu wapendwa. Nauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Nina binti wa miaka tisa na miezi minne, yuko darasa la nne. Wiki mbili zilizopita nilikuwa namwogesha, dodoki likapita kifuani, akaruka: "Mama, hapo panauma!" Nikapapasa. Chini ya chuchu ya kushoto kuna kitu kigumu kama punje ya ubuyu, ukikibonyeza kinateleza. Kulia hamna kitu.

Mama yangu mdogo alikufa kwa saratani ya titi, kwa hiyo usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi tukiwa tunaanika dagaa nikamweleza mwenzangu tunayepanga nyumba moja. Akasema, "Huyo kashaguswa. Matiti ya mtoto hayaoti hivihivi, kuna mkono wa mwanaume hapo."

Nilirudi nyumbani kichwa kinawaka. Nikamkalisha kitandani, fimbo mkononi, nikaanza: nani kakushika? Fundi baiskeli? Mjomba wako? Mwalimu wa tuisheni? Karibu saa nzima. Sikumchapa, lakini alilia mpaka akatapika. Tangu siku hiyo anajifungia bafuni kuoga peke yake, na shuleni anashinda na sweta mchana kutwa. Jua la Mwanza mnalijua.

Mimi nilivunja ungo nina miaka 15, mwaka 2004, niko darasa la saba. Mama mkwe anasema ni kuku wa kisasa na chipsi. Mwingine ameniambia nimkande kwa jiwe la moto yarudi ndani. Naombeni mnisaidie: huu ni ugonjwa? Na mtoto nitamwambia nini baada ya nilivyomfanyia?

Nesi_Mstaafu

Mdogo wangu, hilo jiwe liweke chini kabisa. Nimekuwa nesi miaka 31. Nimeshaona kifua cha mtoto kimebabuka kwa kukandwa, na aliyemkanda ni mama yake mzazi aliyempenda. Matiti hayarudi. Amri ya kubalehe hutoka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaoamsha ovari, yaani vifuko vya mayai, ovari zinatoa homoni, homoni inaotesha titi. Jiwe halifiki huko. Na mkono wa mwanaume haufiki huko pia. Mwenzako amekudanganya, ingawa najua hakukusudia ubaya.

Kwa unavyoeleza, hicho ni tumba la titi, yaani titi linaanza kuota. Mara nyingi huanza upande mmoja, huuma likiguswa, na la pili hufuata baada ya wiki au miezi. Msichana akianza popote kati ya miaka 8 na 13 ni kawaida. Hedhi huja kama miaka miwili au miwili na nusu baadaye, kwa hiyo wako anaweza kuvunja ungo akiwa na 11 au 12. Mpeleke kliniki hata hivyo, wamwangalie, wampime urefu na uzito. Angekuwa chini ya miaka 8, au mabadiliko yote yangekuja kwa mbio ndani ya miezi michache, wangempiga eksirei ya mkono wa kushoto kujua mifupa yake ina umri gani. Mifupa ikikomaa mapema, mtoto huwapita wenzake kwa urefu halafu anasimama, wao wanampita. Dawa ya kusimamisha kubalehe ipo, ni sindano, lakini huwa ni ya hao wanaoanza mapema mno.

Kuna jambo la huku kwetu lazima niliseme. Damu ikitoka kabla titi halijaota, usiseme kavunja ungo. Watoto wa Misungwi na Kwimba wanaoogelea kwenye malambo na kucheza kwenye majaruba ya mpunga hupata kichocho cha mkojo, wanakojoa damu. Na huenda ikawa mtoto ameumizwa kweli. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, na dawati la jinsia polisi.

Kuku wa nyama anakua upesi kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa miaka na miaka na chakula anacholishwa. Hachomwi homoni. Kwenye chipsi mama mkwe yuko karibu na ukweli: mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, na hiyo ndiyo inayoupa ubongo taarifa kwamba akiba ya chakula ipo, mwili unaweza kuanza. Ulaya katikati ya miaka ya 1800 wasichana walivunja ungo wana 16 au 17. Leo ni kama 13. Copenhagen, Denmark, walipima wasichana kati ya 1991 na 1993, wakapima wengine kati ya 2006 na 2008. Umri wa kuota matiti ulikuwa umeshuka kutoka karibu 11 hadi karibu 10, na unene peke yake haukutosha kueleza.

Mwalimu_Misungwi

Nafundisha darasa la nne na la tano. Mwaka jana binti wa darasa la nne aliomba ruhusa mara tatu asubuhi moja. Mara ya nne akakataa kusimama. Dawati lilikuwa limelowa. Aliamini amejikata ndani na atakufa. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wakati mradi wa MEMA kwa Vijana, wa elimu ya afya ya uzazi, unafundishwa kwenye shule za vijijini mkoani Mwanza, kuanzia 1999. Yale masomo yalianza darasa la tano, na kwa wakati ule yalitukuta bado. Leo darasa la tano nimechelewa. Pedi naweka kabatini kwangu, nanunua mwenyewe. Kodi ya taulo za kike iliondolewa 2018, mwaka uliofuata ikarudishwa, na mimi nimeumia kwa hilo kwa sababu najua nani anakosa masomo siku hizo.

Baba_Igoma

Na sisi wenye wa kiume? Wangu ana 11, ameanza kunuka kikwapa na kununa.

Nesi_Mstaafu

Baba Igoma, wavulana ni kati ya miaka 9 na 14, korodani hutangulia kukua, sauti baadaye sana. Mfundishe kunawa kwapa, na umwambie wewe mwenyewe, usimwachie mama yake.

Bibi_wa_Ukara

Mwanangu, mimi nilivunja ungo nina miaka 16 na kitu, kisiwani. Tulikula ugali wa muhogo, malaria kila msimu, tumbo limejaa kichocho. Mwili ulikuwa unapigana kwanza uishi. Kwa hiyo usilie sana kwamba wa kwako kawahi, kashiba huyo.

Bibi yangu alinieleza usiku, taa imezimwa, tumelala ngozi moja. Gizani mtoto haoni aibu kuuliza. Fanya hivyo. Ila kwanza umwombe radhi, kwa maneno, "mama nilikosea." Usimpe soda ukadhani umeshaomba.

Mama_wa_Mwaloni

Nimerudi. Jumatatu nilimpeleka kliniki. Daktari mama wa makamo alimuuliza yeye kwanza kabla ya kuniuliza mimi, akampima, akasema ni tumba la titi kama dada nesi alivyosema, turudi baada ya miezi sita apimwe urefu tena.

Usiku nikazima taa. Nikamwambia mama nilikosea, nilisikiliza watu nikakuogopesha, wewe hukufanya kitu. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani kalala. Halafu akasema, "Kwa hiyo sijafanya kosa?" Nikasema hapana, mwanangu. Akasogea akalala mgongoni kwangu kama alivyokuwa mdogo.

Leo nimemnunulia singlendi tatu nzito kidogo, sweta kaliacha nyumbani. Alipokuwa anavaa ameniuliza, "Mama, na la kulia litakuja lini?"