Wiki moja kabla ya hedhi nageuka mtu mwingine, nishaurini

Bibi Float: Wakuu habari zenu. Nina miaka 31, nimeolewa, mama wa mtoto mmoja, naendesha kibanda cha miamala. Hedhi ikikaribia, kama wiki moja kabla, nabadilika kabisa. Mteja akiniambia "dada, hela haijaingia" namjibu kama vile kanitukana. Mume akitua kikombe mezani kwa kishindo, machozi hayo. Usingizi sipati, najiona sifai kwa lolote. Damu ikianza tu, siku ya pili niko freshi, nataniana na bodaboda pale nje. Nimepima homoni, hela imenitoka, majibu eti ziko sawa. Sasa kama ziko sawa, mimi nina nini? Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu.

Kaskazi: Wanawake bwana, kila kitu hedhi 😂 Shemeji avumilie tu.

Shangazi wa Tabata: Kaskazi pita kimya. Mdogo wangu, mchawi gani huyo anayefuata kalenda? Nenda hospitali, ila safari hii uonane na daktari wa wanawake.

Nesi wa Zamu: Pole dada. Majibu hayo wala hayanishangazi. Wenye shida kama yako homoni zao huwa za kawaida. Tofauti iko kwenye namna ubongo unavyozipokea. Yai likishatoka, takriban wiki mbili kabla ya hedhi, homoni ya projesteroni hupanda, halafu siku za mwisho hushuka kwa kasi pamoja na homoni nyingine, estrojeni. Sehemu ya projesteroni hugeuzwa kuwa kemikali iitwayo alopregnanoloni, ambayo ubongoni hugusa vipokezi vilevile vinavyoguswa na diazepam, ile dawa ya kutuliza wasiwasi. Wengi huwatuliza. Wachache huwapandisha wasiwasi na hasira. Estrojeni nayo ikishuka, serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, hutetereka, na hiyo ndiyo inayosaidia moyo usizame.

Ikifika kuvuruga kazi na ndoa, madaktari huiita PMDD, yaani hali kali ya kuvurugika hisia kabla ya hedhi. Iko kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo lililoanza kutumika 2022. Kwa hiyo hudeki.

Kipimo cha damu cha kuionyesha hakuna. Kinachotakiwa ni daftari. Kila usiku, kabla hujalala, jipe alama 1 hadi 6 za hasira, huzuni na usingizi, na uandike damu imeanza lini. Mizunguko miwili, kisha mpelekee daktari. Huzuni ikionekana mwezi mzima, hiyo inaweza kuwa sonona ya kawaida. Matatizo ya tezi la shingo na upungufu wa damu navyo huleta dalili za kufanana, vipimwe.

Mama Wawili: Hiyo ndiyo yangu. Nilipewa fluoksetini, dawa ya sonona, nameza zile siku za kabla ya hedhi tu, ikianza naacha. Mwezi wa kwanza tu nikaona tofauti. Dada yangu alipewa vidonge vya uzazi wa mpango vikamfaa, mimi vilinizidishia, kwa hiyo usijinunulie duka la dawa kwa kusikia.

Mzee wa Mbezi: Nasema kama mume. Kwetu tunajua tarehe, mambo mazito ya ada na ndugu tunayasogeza mbele. Na shemeji aambiwe: katikati ya ugomvi asiulize "uko kwenye siku zako?" Hata kama ni kweli.

Bibi Float: Huyo Mzee wa Mbezi nitamwonyesha mume wangu 😂 Nimechukua daftari la miamala lenye kurasa tupu, leo ni siku ya 19 ya mzunguko, naanza. Nesi, mtoto bado ananyonya, hizo dawa vipi?

Nesi wa Zamu: Mwambie daktari mapema kwamba unanyonyesha. Mara nyingi huchagua setralini, ya kundi moja na fluoksetini, maana inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Na siku hizo mbaya yakikujia mawazo ya kujidhuru, usisubiri daftari lijae. Nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako.