Tupeane uzoefu: mliowahi kushirikishwa kwenye sanaa ya mtaani kuhusu shida ya nyumba, kilibaki nini?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Mwaka 2009 msanii Mfaransa anayeitwa JR alifunika mapaa ya Kibera, kama mita za mraba 2,000 hivi, kwa picha kubwa za macho na nyuso za akina mama wa palepale. Nyingi zilichapwa kwenye turubai lisilopitisha maji, kwa hiyo mvua ikinyesha wa chini yuko mkavu. Mimi nililipenda turubai kuliko picha. Siku hizi kila mradi wa makazi unakuja na wasanii wake: tuchore, tuigize, tushone. Wewe uliyeshiriki, tuambie walipoondoka ulibaki na nini mkononi. Habari za "nilisikia" wekeni kando.

Mpangaji wa Pipeline: Niko Embakasi, Nairobi. Ploti zetu zimebanana hadi chumbani kwangu taa inawaka saa sita mchana. Vijana fulani walikuja na chaki na futi, wakasema kila mtu achore chumba chake chini, kwa ukubwa wake halisi: kitanda hapa, jiko hapa, mtungi wa maji pale. Watu walicheka sana. Jirani yangu alikuwa haruhusu mgeni kuvuka mlango wake kwa aibu, siku hiyo akaona kumbe wote watoto wetu wanalala chini ya meza.

Sasa, mama mmoja akaandika kodi yake katikati ya chumba chake. Hakuambiwa na mtu. Wa pili akaandika, wa tatu akaandika. Lo! Vyumba ni vilevile, kodi mbalimbali, na aliyehamia karibuni ndiye anayekamuliwa zaidi. Tulimwendea msimamizi wa ploti kama kundi. Kodi haikushuka, nisiwadanganye. Ila maji yaliyokuwa yanafunguliwa mara moja kwa wiki sasa tunayapata mara tatu, na mpangaji mpya akija tunamnong'oneza bei kabla hajatoa pesa.

Wa Bondeni: Mimi sina hadithi tamu. Nilikuwa Mkwajuni, Kinondoni, ile bomoabomoa ya Desemba 2015. Unaamka unakuta X nyekundu ukutani, unajua zamu yako imefika. Baadaye kikundi kikatukusanya tuchore hizo X kwenye vitambaa, "tutoe maumivu". Ndugu zangu, mtu hana pa kulala unampa brashi achore alama iliyombomolea? Kitambaa changu kilikwenda kwenye maonyesho. Mimi nikaenda Mbagala kutafuta kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya dalali juu. Hata nauli ya kurudi walitupa kwa mzozo.

Mleta mada: Pole sana mkuu. Asante kwa kutotupaka mafuta.

Mpwani wa Liverpool: Huku kuna Granby, mtaa uliokuwa umebaki na watu wachache, nyumba nyingi zikiwa zimepigwa mbao madirishani zikingoja kubomolewa. Waliobaki, wengi wao akina mama, walianza wenyewe kupaka rangi zile mbao, kupanda maua barabarani, na kuweka soko la mtaa. Shangazi yangu ameuza sambusa pale. Mwaka 2011 wakaunda chombo chao cha kumiliki ardhi kwa pamoja, wakapata nyumba 10 za kukarabati wakishirikiana na Assemble, kundi la wasanifu majengo, na 2015 kazi hiyo ikapata tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Lakini angalieni mpangilio: wakazi walitangulia, tuzo ikafuata. Na nyumba zile bei yake imefungwa na kipato cha watu wa eneo.

Bibi Leso: Kisauni, Mombasa. Kwetu nyumba ni yako, ardhi ya mwingine, na kodi ya ardhi walipa tangu enzi za babu. Tulikaa kibarazani tukatunga majina ya leso, tukayapiga chapa kwenye marikani kwa ubao wa kuchonga. Moja: "Nyumba yangu, mchanga wa wenyewe." Nyingine: "Mwenye shamba hajaja, nami sijahama." Hii ya pili wakala wa ardhi aliisoma kwenye kamba, akauliza ni nani ametunga. Tukamwambia ni fundi. Usiku huohuo tukaambiana kila mtu atafute risiti zake za zamani. Zimejaa sanduku zima, sasa twatafuta wakili.

Mleta mada: Hilo sanduku lisilale nyumba moja, bibi. Zipigeni picha zote. Na wewe wa Pipeline, chaki mlichorea wapi? Nataka tujaribu hapa Buguruni.

Mpangaji wa Pipeline: Barabarani, Jumapili asubuhi kabla magari hayajashika kasi. Andikeni kodi mapema, msimamizi hajaamka. Huyu wetu alikuja na ndoo ya maji kufuta, ila tulikuwa tumeshapiga picha.